UZI: Mpaka wetu uko wapi hasa? Historia ya msasa wa vitambulisho, kutoka kipande hadi leo

Mjadala wa mpaka ukianza hapa, dakika kumi hazipiti kabla watu hawajagawanyika pande mbili. Hawa wanasema, "Mnagawa vitambulisho kama njugu, nchi itajaa wageni." Wale wanajibu, "Nyinyi ni wabaguzi tu." Na tangu lile agizo la Februari 2025 la kufuta msasa wa vitambulisho kwa watu wa kaunti za mpakani, kelele zimezidi. Nimeamua kuandika uzi mmoja mrefu, turudi nyuma miaka mia na ushee, kwa sababu mengi yanayosemwa kama habari mpya yameshawahi kusemwa, kupitishwa kuwa sheria, na kushindwa. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka hayo, akaunti za kukupa ziko tele.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kenya haijawahi kuulinda mpaka wake wa kaskazini pale ulipo. Imekuwa ikiulinda ndani ya mfuko wa raia, kwa karatasi. Ndiyo maana tuna mpaka unaovuja na papo hapo tuna Wakenya halisi wasioweza kusajili laini ya simu.

Twende pole pole.

Kwanza, msasa ni nini, kwa wale ambao hawajaupitia. Mimi nilizaliwa Nakuru. Nilipofika miaka 18 nilipeleka cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, chifu akapiga muhuri, nikachukuliwa alama za vidole, nikaambiwa nirudi baada ya wiki kadhaa. Nikarudi, nikapewa, basi. Hakuna aliyeniuliza babu yangu alizikwa wapi.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo ni mzaliwa wa Wajir. Yeye alikuwa na karatasi zilezile nilizokuwa nazo mimi, na juu ya hizo akatakiwa kufika mbele ya kamati: wazee, chifu, watu wa usajili, watu wa usalama. Kamati haikai kila siku. Ikikaa, unaulizwa ukoo wako, ukoo mdogo ndani ya ukoo huo, kisima ambacho familia hunywesha mifugo, chifu wa zamani aliitwa nani. Mzee mmoja akitikisa kichwa, umekwisha. Alikipata baada ya karibu miaka miwili. Na katika nchi hii bila kitambulisho hakuna mkopo wa HELB, hakuna M-Pesa kwa jina lako, huingii jengo la serikali, na ukipanda basi la kuelekea Nairobi unateremshwa kwenye kizuizi. Miaka miwili ya ujana wake iliishia hapo.

Sasa, huu utaratibu ulitoka wapi? Wengi hudhani ulikuja na Al-Shabaab. La. Al-Shabaab waliukuta ukiwa mzee.

Anza na 1902. Serikali ya Mwingereza ilipitisha sheria ya wilaya za pembezoni iliyoruhusu eneo kutangazwa kuwa limefungwa. Ukiwa nje huingii bila kibali, na ukiwa ndani hutoki bila kibali. Kaskazini yote, ile iliyokuja kuitwa NFD, ikawa chini ya utaratibu huo. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria ya wilaya maalum, iliyompa mkuu wa wilaya uwezo wa kukamata watu na kuchukua mifugo ya kabila zima kwa kosa la wachache. Miaka hiyohiyo ulichorwa mstari ndani ya Kenya yenyewe, wa kuwatenga Wasomali na Waborana katika malisho. Ukivuka na ngamia wako, umevunja sheria.

Kwa hivyo mtu wa Wajir alihitaji karatasi kwenda Isiolo zamani sana kabla hajahitaji karatasi kwenda Kismayu. Mpaka mkali ulikuwa upande wa kusini, unaoelekea Nairobi. Ule wa mashariki ulikuwa mstari kwenye ramani, na mstari wenyewe ulikuwa unahamahama! Hadi 1925 Jubaland, pamoja na mji wa Kismayu, ilikuwa sehemu ya koloni hili letu. Mwingereza akampa Mwitaliano kama shukrani ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia moja ikajikuta nchi mbili bila kuhama hata hatua. Ukisikia mtu leo akisema "warudi kwao", muulize kwao ya kabla ya 1925 au ya baada yake.

Hata sasa, ukiongea na wazee wa kaskazini, mtu akisafiri kuja Nairobi wanasema "ameenda Kenya". Wengine huona ni kichekesho, au ni ushahidi kwamba hawajioni Wakenya. Mimi naona ni kumbukumbu sahihi kabisa ya sheria ilivyokuwa.

Na huku bara tusijisahau. Sisi pia tulivishwa karatasi. Sheria ya kusajili wenyeji ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alipaswa kubeba kipande: alama za vidole, kabila, mwajiri, mshahara, siku aliyoacha kazi, vyote vimeandikwa, na karatasi inakaa ndani ya kikasha cha chuma kinachoning'inia shingoni. Watu wengi walikiita kengele ya mbuzi. Kazi yake kubwa ilikuwa kumkamata mfanyakazi aliyetoroka shamba la mzungu. Ukipatikana bila hicho, ni faini au jela. Kipande kilikuwa moja ya malalamiko makubwa yaliyowatoa watu barabarani Nairobi mwaka 1922, wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi.

Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa, usajili ukawa wa watu wa rangi zote. Sheria hiyo, ikiwa na viraka vyake, ndiyo Sheria ya Usajili wa Watu, Sura ya 107, tunayoitumia mpaka leo. Wanawake hawakuingizwa hadi mwisho wa miaka ya 1970. Shina la kitambulisho chako kwa hiyo ni kipande. Si lazima utupe kitambulisho kwa sababu hiyo, lakini inafaa ujue kilibuniwa kumfuatilia mtu, haki alizonazo mtu huyo hazikuwa hesabuni.

Hapa kuna kisa ambacho nakipenda sana. Wakati wa ukoloni kulikuwa na Wasomali wa mijini, hasa Waisaaq, waliokuja kama wanajeshi na wafanyabiashara wa mifugo. Mwaka 1919 walipata msamaha fulani wa kutohesabiwa wenyeji. Kisha 1936 sheria ya kodi ikaja na madaraja kwa rangi, ikawaweka chini ya Waasia. Wakakataa! Walitaka walipe kodi kubwa kama Waasia. Nani ashaona watu wakiandamana waongezewe kodi? Hawakuwa wajinga lakini. Walijua kwamba katika nchi hii daraja uliloandikiwa kwenye karatasi linaamua utaishi wapi, utapita wapi na utahukumiwaje. Kodi ilikuwa bei ya daraja.

Uhuru ukaja. Mwaka 1962 tume ilitumwa NFD kuuliza watu wanataka nini, ikakuta kwamba katika maeneo ya Wasomali walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. Tusifiche hilo, kwa sababu wanaopinga kufutwa kwa msasa hulitaja na wana haki ya kulitaja. Uingereza haikufuata maoni hayo, na Nairobi haikuwa tayari kupoteza eneo kubwa kiasi hicho. Tarehe 12 Desemba 1963 tukapandisha bendera. Tarehe 28 mwezi huohuo, kaskazini ikawekwa chini ya hali ya hatari. Siku kumi na sita! Watu wa huko walionja uhuru kwa siku kumi na sita.

Vita vya Shifta vilipiganwa hadi makubaliano ya 1967. Watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo yao ikafa au ikachukuliwa. Mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia kushtakiwa kwa maafisa kwa waliyoyafanya kule kati ya 1963 na 1967. Na ile hali ya hatari? Vita viliisha 1967, yenyewe ikaondolewa 1991. Katikati hapo ndipo Wagalla ilipotokea, Februari 1984, wanaume wa ukoo mmoja wa Wajir walipokusanywa kwenye kiwanja cha ndege na kuwekwa juani siku kadhaa bila maji. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, haikuikubali hesabu hiyo, ikasema waliokufa ni wengi zaidi sana.

Naomba uyashike haya kichwani tunapofika 1989, kwa sababu hapo ndipo msasa wenyewe unazaliwa kwa jina na kwa mhuri.

Novemba 1989 serikali ilitangaza kwamba kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyetimiza miaka 18 ajitokeze athibitishe uraia wake. Kabila moja, katika makabila yote ya nchi. Kamati za wazee na maafisa zikaundwa, mtu akaulizwa ukoo, aliyefaulu akapewa kadi ya rangi ya waridi, na aliyeshindwa akakabiliwa na kufukuzwa nchini. Kadi hiyo ikawa inadaiwa juu ya kitambulisho cha kawaida, ukitaka pasipoti, ukitaka leseni ya biashara. Fikiria mtu amekuwa mwalimu miaka ishirini, amelipa kodi, ana kitambulisho halali cha Jamhuri, na anaambiwa hicho hakitoshi, lete kingine cha kuthibitisha hicho.

Sababu zilizotolewa wakati ule: majangili wa ndovu, silaha, wageni kutoka Somalia iliyokuwa inaanza kuporomoka. Hatari zenyewe zilikuwa za kweli. Mimi nauliza tu, ni jangili gani aliyejipanga foleni kuomba kadi ya waridi?

Mlango wa kisheria waliotumia ni kifungu cha 8 cha ileile Sheria ya Usajili wa Watu, kinachomruhusu afisa kudai ushahidi zaidi kwa mtu anayemtilia shaka. Kifungu kinasema juu ya mtu. Serikali ikakitumia juu ya jamii. Kadi za waridi zilipotea polepole, kamati zikabaki, zikaenea kwa Wanubi wa Kibra, kwa Waswahili na Waarabu wa Pwani, kwa jamii za mpakani kila upande. Mnubi ambaye babu yake aliletwa na jeshi la Mwingereza kabla ya reli kufika Kisumu alikuwa anaulizwa yeye ni wa wapi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia unaoeleweka tangu kuzaliwa.

Sasa tufike kwenye wakimbizi, maana hapa ndipo pana sehemu ambayo wengi hawaijui kabisa.

Dadaab ilifunguliwa 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Ilipangiwa watu 90,000. Kufikia njaa ya 2011 ilikuwa na karibu nusu milioni. Wenyeji wa Garissa walioizunguka kambi walikuwa na ukame uleule, mifugo yao imekufa vilevile, ila ndani ya ua kulikuwa na unga, mafuta, shule na hospitali. Nje hapakuwa na kitu. Kwa hivyo mzazi Mkenya, mwenye kitambulisho cha Kenya mfukoni, alimpeleka mtoto wake akasajiliwe kama mkimbizi ili ale. Wewe ungefanya nini?

Mtoto akala, akasoma, akatimiza miaka 18. Akaenda kuomba kitambulisho. Akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikasema: mkimbizi. Mama ni Mkenya, baba ni Mkenya, kaka mkubwa aliyezaliwa mwaka wa mvua nzuri ana kitambulisho, yeye hana. Wako maelfu ya namna hii Garissa na jirani zake. Na huwezi kusema "basi wawe wakimbizi", kwa sababu mkimbizi ni mtu aliyekimbia nchi yake, na hawa nchi yao ni hii. Serikali imewahi kukaa na kuwakagua, wengine wakaondolewa kwenye orodha ya wakimbizi, lakini ilichukua miaka na miaka. Kuna mtu aliyeomba kitambulisho akiwa kijana wa shule na leo ana watoto ambao nao wanahitaji mzazi mwenye kitambulisho.

Msasa wa wazee hauwezi kutibu shida hii. Wazee wanamjua kijana na watamtetea, lakini mashine haiwajui wazee.

Haya, upande wa pili. Siandiki kana kwamba hofu ya watu ni ya kubuni. Westgate 2013, watu 67. Chuo Kikuu cha Garissa, 2 Aprili 2015, watu 148, karibu wote wanafunzi. Mabasi ya Mandera. Lamu. Mtu aliyepoteza ndugu hapo akikuambia anataka mpaka ufungwe, usimrushie neno "mbaguzi". Na ni kweli vitambulisho vimeuzwa. Kila mtu anajua.

Lakini tazama serikali ilifanya nini baada ya kila shambulio. Desemba 2012, amri kwamba wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Mahakama Kuu ikaifuta 2013. Aprili 2014, Eastleigh ikazingirwa, maelfu wakakamatwa nyumba kwa nyumba, wakajazwa Uwanja wa Kasarani kukaguliwa karatasi, wakiwemo raia. Desemba 2014, sheria ya usalama iliyotaka wakimbizi wasizidi 150,000 nchi nzima. Mahakama ikakifuta kipengele hicho Februari 2015. Wiki chache baadaye, Garissa. Mwaka 2016 ikatangazwa Dadaab inafungwa. Mahakama ikazuia 2017. Ukizipanga hivyo unaona mkono unakwenda palepale kila mara, kwenye mfuko wa mtu aliyeko ndani.

Na washambuliaji? Mmoja wa wale wa Garissa alikuwa Mkenya aliyesomea sheria katika chuo kikuu cha hapahapa Nairobi, mtoto wa chifu. Chifu, yaani mmoja wa wale wanaoketi kwenye kamati za msasa! Aliyetajwa kuongoza shambulio la Dusit, Januari 2019, alikuwa Mkenya ambaye baba yake ni mwanajeshi wa Kenya. Wote wawili wangepita msasa wowote, kwa ukoo na kwa kisima. Msasa unapima asili ya mtu. Nia ya mtu haupimi, na wala haujawahi kudai kuipima.

"Basi jengeni ukuta." Ulijaribiwa. Baada ya Garissa 2015 ilitangazwa kwamba mpaka wa Somalia, kilomita 680 hivi kutoka Mandera hadi Kiunga, utawekwa ua. Mwaka 2019 Bunge lilisimamisha mradi baada ya kuambiwa kwamba Sh3.4 bilioni zimetumika, na ua uliokamilika ni kilomita kama kumi. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshindwa.

Kuna jambo jingine ambalo halipewi uzito hapa mitandaoni. Mpaka wa Somalia ulifungwa rasmi 2011, jeshi letu lilipoingia kule. Mei 2023 ikatangazwa utafunguliwa kwa awamu, Mandera kwanza. Julai, baada ya mashambulizi, ikaahirishwa. Kufungwa maana yake nini kwa mtu wa kawaida? Maana yake ni kwamba hakuna dirisha la afisa wa uhamiaji la kupeleka pasipoti yako ugongewe mhuri. Mandera na Bula Hawa ni miji inayotazamana, unatembea dakika chache tu. Kuna ndoa, kuna mazishi, kuna mbuzi wa kuuza, kuna sukari. Hayo hayakusimama 2011. Kilichosimama ni kuandikwa. Muuguzi anayekwenda kumzika shangazi, mfanyabiashara wa magendo na mtu mwenye bunduki wote wanapita njia ileile ya panya, na wote watatu wana kosa lilelile. Ukiwa afisa unawatofautishaje? Mwenye pesa atakuonyesha tofauti.

Linganisha na Busia au Namanga. Pale kuna kituo kimoja cha pamoja, maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, na Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Wateso, Wasamia, Wamasai wamegawanywa na mstari vilevile kama Wasomali. Uhalifu upo, magendo yapo. Lakini lori linajulikana limepita lini. Hiyo ndiyo maana ya kulinda mpaka: kujua nani kapita, wapi, saa ngapi. Ukuta haukuambii hilo, na kamati ya wazee huko Wajir haiwezi kukuambia.

Msije mkadhani ninatetea Wasomali peke yao. Wamakonde walikuja Kwale enzi za ukoloni kutoka Msumbiji kukata mkonge na miwa. Wajukuu wao walikaa bila kitambulisho hadi Oktoba 2016, walipoamua kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi. Vitambulisho vikatoka ndani ya miezi michache, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Washona, waliokuja kama wahubiri kutoka iliyokuwa Rhodesia, wakapata yao 2021. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi ambao wengi wetu tumekula samaki wao, wakatambuliwa 2023. Katika visa vyote hivi usalama wa nchi haukuyumba hata kidogo. Waliokuwa watoro wa karatasi wakaanza kulipa kodi na kufungua akaunti.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa na dirisha la watu kama hao kuomba kusajiliwa. Lilikuwa la miaka mitano, likaongezwa mitatu, likafungwa Agosti 2019. Wamakonde waliwahi. Waliobaki hutegemea huruma ya atakayekuwa ofisini.

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na agizo la 2025 pia. Mimi naliunga mkono, tusizunguke. Kuulizwa ukoo kwa sababu ya jina lako, wakati kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi waziwazi, ni aibu iliyodumu kuanzia 1989. Ila agizo si sheria. Kilichotolewa jukwaani kinaweza kurudishwa jukwaani, hasa uchaguzi ukikaribia na kila upande unahesabu kura za kaskazini. Na wanaolipinga kwa kusema "sasa hakuna uchunguzi wowote" wanakosea: cheti cha kuzaliwa bado kinadaiwa, wazazi bado wanaangaliwa, vidole bado vinachukuliwa. Kilichopaswa kuondoka ni ile hatua ya ziada ambayo mimi wa Nakuru sikuwahi kuipitia.

Mkiniuliza kazi iliyobaki ni ipi, nitaanza na jambo ambalo halina mvuto wowote jukwaani: vyeti vya kuzaliwa. Kaskazini watoto wengi bado huzaliwa nyumbani, mbali na zahanati, na hawaandikwi. Mtoto asipoandikwa siku anazaliwa, miaka 18 baadaye lazima utaita wazee, hata ukiita hatua hiyo jina jingine. Msajili wa vizazi anayefuata mifugo kwa pikipiki angefanya kazi kubwa kuliko zile kilomita kumi za ua.

Msimu wa kampeni unakuja na mtaahidiwa mambo. Akija mheshimiwa wa upande wowote akasema atalinda mpaka, muulizeni maswali ya kawaida tu. Dirisha la uhamiaji Mandera litafunguliwa tarehe gani, na litakuwa na maafisa wangapi? Kifungu cha 8 kitarekebishwa lini, ili afisa anayemtilia mtu shaka aandike sababu na mtu awe na siku ya kukata rufaa? Dirisha lililofungwa 2019 litafunguliwa tena? Na yule kijana wa Garissa ambaye kidole chake kinasema ni mkimbizi, ni ofisi gani, chumba gani, inayoweza kukifuta, na inachukua siku ngapi?